Mdomo Mzito Mbele ya Mama

*Shangazi, shikamuu. Nina miaka 34, nafanya kazi bandarini Kilindini. Tangu baba afariki, mamangu alitulea watoto watano hapa Majengo kwa mahamri na mbaazi. Juzi khalti, ndugu yake mama, aliniambia kuwa nilipokuwa kidato cha tatu, mama aliuza bangili zake mbili za dhahabu nikalipiwa karo. Sikujua. Mwezi ujao anatimiza miaka 60, nami nataka kukodi ukumbi, niite watu na mshereheshaji, nimshukuru mbele ya wote. Nikimuuliza anataka nini, hujibu, "Sitaki kitu mimi." Nyumbani kwetu hatukuzoea kuambiana maneno matamu. Nifanyeje?*
*Mdomo Mzito*

Marahaba, mwanangu.

Ukumbi uache. Mamako ameificha habari ya bangili miaka 17. Mshereheshaji akiishika kwenye kipaza sauti, siri yake itageuka kisa cha watu waliokuja kula biriani. Wala usikimbilie kwa sonara kununua bangili mbili nyingine. Atajua mara moja kwamba khalti kasema, na alichokitoa kama mama utakuwa umekifanya deni lililolipwa.

Hilo "sitaki kitu" nalo usilichukue lilivyo. Mtu aliyezoea kuhesabu sarafu za mahamri akisema hivyo, anakusudia kwamba hataki ugharamike kwa ajili yake. Kwa hiyo mpe kitu ambacho hawezi kukiita hasara, na ambacho kitasema lile linalokushinda kutamka. Mnunulie leso, yaani kanga.

Nenda Mtaa wa Biashara asubuhi ya siku ya kazi. Usiende wiki ya kuelekea Idi, maana hutapata nafasi hata ya kuikunjua leso. Kabla ya kutazama rangi, soma jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake. Wanaume wengi huvutiwa na mji, yale maua ya katikati, wakasahau kwamba watu watayasoma maneno. Ukimpelekea mamako "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", nzuri sana, lakini akitoka nayo mlangoni jirani atajua imemlenga yeye. "Hasidi hana sababu" ni hivyo hivyo. Leso ya mafumbo huvaliwa kwa makusudi na mwenye fumbo lake. Wewe huna fumbo na mtu, una shukrani. "Nani kama mama" ni jina la zamani na limechoka kidogo, nakubali, ila halina mtego na kila mtu analielewa. Muulize muuzaji majina ya mama aliyonayo, kisha uyasome mwenyewe herufi kwa herufi, maana kosa la chapa halifutiki.

Ukiona ukingoni pameandikwa "Mali ya Abdulla", hiyo ni ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara hapa Mombasa mwaka 1887. Husemwa kwamba wao ndio walioeneza mtindo wa kuandika majina kwenye leso.

Sasa ishike. Omba pamba tupu. Iliyochanganywa na nailoni hung'aa dukani, lakini hainyonyi jasho, na fundo lake huteleza kiunoni mtu akiinama jikoni. Iinue kwenye mwanga uone kama imefumwa kwa kubanana. Wanga wa kiwandani huifanya leso nyepesi ionekane nzito, ukiifua mara moja inabaki kama chandarua. Tazama pindo la kushoto na la kulia kama yana upana mmoja. Likiwa moja jembamba, chapa ilikwenda upande.

Doti, yaani jozi ya leso, huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana. Usivichane kwa mkono: uzi una njia yake na chapa ina njia yake, utakuja kula pindo. Kata kwa mkasi katikati ya pindo na pindo, kisha mpe fundi cherehani apinde zile ncha mbili zilizokatwa za kila kipande. Pande ndefu zina ukingo wake, haziguswi. Ifue mwenyewe peke yake, kwa maji baridi, kwani nyekundu na nyeusi hutoa rangi. Anika kivulini.

Kwa nini uhangaike hivyo? Kwa sababu leso isiyopindwa huingia kabatini, na mama wa umri huo akishaiweka "kwa ajili ya harusi" hutaiona tena. Ndiyo maana nakwambia ununue doti mbili. Moja ipinde na uifue, ya kujifunga leo. Ya pili mwachie na wanga wake, aiweke, maana kuweka ataweka tu.

Maneno sasa. Usimkabili sebuleni, mkatazamana kama mko kwa kadhi. Nenda jikoni anapochagua mchele, kaa kitako upande wake, chukua ungo mwingine. Mikono ikiwa na kazi, mdomo huwa mwepesi. Kisha usimwambie "asante kwa yote". Hiyo "yote" haina kitu ndani yake. Chukua jambo moja ulilolishuhudia wewe. Kwa mfano: "Mama, zile saa kumi za alfajiri nilikuwa nasikia mahamri yakitumbukia mafutani, nikajifanya nimelala. Nilikuwa nikijua ni kwa ajili yetu." Basi. Nyamaza hapo. Bangili usizitaje, akitaka kuzungumza habari zake, atazungumza mwenyewe.

Huenda asilie wala asikukumbatie. Huenda akasema, "Haya, hebu nipe huo ungo, unaacha mawe." Usimsukume aseme zaidi, amekwisha kusikia. Vijana wengi huharibu hapa: wanangoja machozi, yasipokuja wanaona wamepuuzwa, na simu zinaanza kupungua. Na kwa kuwa tumegusa simu, pesa unazomtumia mwisho wa mwezi zitangulizie sauti yako, ujumbe wa pesa usiwe ndio salamu.

Ndugu zako wakitaka kununua runinga, wanunue. Siku yenyewe pikeni pilau, mle nyumbani, apike mtu mwingine asiyekuwa yeye.

Leso mpe mkononi, bila karatasi ya maua. Atauliza bei kabla hajaikunjua. Mwambie kwamba muuzaji alikupunguzia.