Taa za Krismasi Kew Gardens: tiketi yake ni tofauti

Mnaouliza kama tiketi ya mchana ya Kew, bustani kubwa ya mimea hapa London, inatosha kuona taa za Krismasi: hapana, hairuhusu mtu kubaki ndani mpaka taa ziwashwe. Wageni wa mchana hutoka kwanza, bustani inafungwa, ndipo wenye tiketi za taa wanaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi yao. Hata wanachama wa Kew hulipia tiketi hiyo ya taa. Naishi London na nimeshawapeleka wanangu.

Kama mna watoto wadogo, chukueni saa ya mwanzo kabisa. Desemba jua linazama hapa mnamo saa 10 jioni, kwa hiyo giza hamtalikosa. Njia ni ya kutembea kwa miguu, inakaribia kilomita 3. Mwanangu wa miaka 4 alitembea nusu, nusu iliyobaki nikambeba mgongoni. Mbele ya Palm House, lile jumba kubwa la vioo kando ya bwawa, taa zilikuwa zikicheza mpaka ndani ya maji, naye hakutaka kabisa kuondoka pale. Hapo ndipo vidole vinapoganda, wavalisheni watoto glavu nzito. Tiketi za Jumamosi huisha mapema, msichelewe kununua.