Kozi za chuo huwa zinakaguliwa kweli? Nilikuwa katibu wa hiyo kamati

Mkuu umeuliza kama kozi za chuo kuna mtu huwa anazikagua au zikishaandikwa ndo basi, maana mdogo wako anafundishwa kwa noti zenye umri kama wake. Zinakaguliwa. Mimi nimefundisha idara ya kompyuta chuo kimoja hapa Bongo (jina naliacha, bado kuna watu kule nakula nao ubwabwa) na mara mbili nimekuwa katibu wa kamati ya mapitio, kwa hiyo haya yamenipitia mikononi.

Kwa kawaida mtaala unapitiwa kila miaka mitano hivi. Mnaanza na kujitathmini wenyewe, yaani idara inakaa inaandika ripoti ya kujisema: walimu wangapi na wana elimu gani, wanafunzi wangapi waliingia, wangapi wakamaliza, wangapi wakadisko (wakaondolewa kwa kufeli), maabara ikoje, zile fomu za mwisho wa semista zinasemaje, wahitimu wako wapi saa hizi. Kisha wanakuja wakaguzi kutoka vyuo vingine, wadau wanaitwa, mtaala unapanda kitivo mpaka seneti, ndo unakwenda TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kuombewa ithibati, yaani kibali cha kozi. Huu utaratibu hatukuutunga sisi, IUCEA, lile baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala, walishirikiana na Wajerumani wa DAAD (shirika lao la ushirikiano wa vyuo) kuanzia 2006 wakatengeneza mwongozo wa Afrika Mashariki nzima, ndo maana ukisoma ripoti ya chuo cha Kenya na ya kwetu utadhani kaandika mtu mmoja.

Kilichonitesa mimi ni krediti aisee. Krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, siyo za mwalimu, humo kuna lekcha, semina, maabara, kujisomea, kila kitu, na mwaka mzima ni krediti 120. Sasa mzee anakuja na somo lake la krediti 12, analilinda kama shamba la urithi, ukimwambia hizo ni saa 120 hebu nionyeshe mwanafunzi anazitumia wapi, anahesabu weee anafika 70, ananuna, na kikao kijacho haji. Kuna somo lilibaki kwenye mtaala kwa sababu tu mwenyewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Ila uozo wenyewe uko kwenye ile ripoti ya kujitathmini, na hapa najisema na mimi. Kwenye mkutano wa wadau mama mmoja mwajiri alisimama akasema vijana wenu ukiwauliza database ni nini wanakueleza vizuri kabisa, ukiwapa iliyoharibika hawajui hata pa kuanzia, mimi nawalipa miezi sita wanajifunza kwangu. Ukumbi kimya. Jioni bosi akaniambia kijana hilo lilainishe, nikalilainisha, kwenye ripoti likasomeka "wadau walipongeza uelewa wa nadharia wa wahitimu na kushauri mafunzo kwa vitendo yaimarishwe". Si uongo lakini si alichosema yule mama.

Wiki ya wakaguzi ndo tukaumbuka. Maabara yetu kompyuta nzima zilikuwa kama kumi na ripoti ilisema 40, basi usiku tukahamisha za idara jirani, tumebeba wenyewe na jasho linatutoka, asubuhi maabara inang'aa. Akaja mkaguzi mmoja mzee mpole hivi, wala hakuuliza habari za makabrasha tuliyompangia mezani, akamwita binti wa mwaka wa pili akamwambia mwanangu hebu niwashie hii. Binti akawasha, ikadai password, akatuangalia sisi. Password hana. Mzee akainama akasoma stika ya mali ya chuo kwenye mashine, imeandikwa jina la idara nyingine, akatabasamu akaandika kitu kwenye kidaftari chake akaendelea na safari. Hakutukaripia, na ilituuma zaidi ya kukaripiwa. Akaja akaomba karatasi za sahihi za mkutano wa wadau, akampigia yule mama mwajiri mwenyewe. Ripoti yake ilivyokuja sentensi ya yule mama ilikuwemo vilevile alivyoitamka.

Na ndiyo iliyotusaidia, maana chuo kilikuwa kinatunyima hela ya maabara miaka yote wakati kwenye karatasi tuna 40. Ukishaandika una 40 nani atakupa nyingine? Mwaka uliofuata tukaletewa 25 mpya.

Na ukisikia ithibati ya kozi imeisha muda usimtishe mdogo wako. 2023 Uganda kuliwaka kweli, watu walikuta kozi kibao kwenye tovuti ya NCHE, baraza lao la elimu ya juu, zimeandikwa zimekwisha muda, za Makerere zikiwemo, na baraza likabidi litoke kueleza kwamba maana yake ni kozi inatakiwa ikaguliwe upya, digrii za waliosoma haziwi feki. Kwetu pia mtaala ukibadilika aliyeanza na wa zamani tulikuwa tunamwacha amalize nao.

Afanye hivi, aende na CR wao (kiongozi wa darasa) idarani waombe kuuona mtaala wenyewe, siyo ile kozi autilaini ya kurasa mbili, ule mkubwa, una mwaka ulipopitishwa. Na zile fomu za mwisho wa semista asiweke tiki moja chini mpaka mwisho ili awahi msosi. Pale chini kuna mistari mitatu ya maoni, aandike hizo noti ni za mwaka gani, mkaguzi akija ile karatasi anaisoma.