Kidonge cha kijani na sumaku isiyoelea
Habari ndugu. Unasema kidonge chako cha superconductor (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipoa sana, na kuielea sumaku juu yake) kimetoka kijani, na kwenye nitrojeni ya kimiminika sumaku haielei juu yake. Anza na fomula. Y1.2Ba0.8CuO4 uliyofuata ni ya ripoti ya kwanza ya wanafizikia Wu na Chu, 1987. Sampuli yao nayo ilikuwa mchanganyiko wa kijani na cheusi! Kinachopoteza ukinzani wa umeme, chini ya kelvini 93 hivi, ni kile cheusi: YBa2Cu3O7.

Pima upya: oksidi ya yitriamu gramu 1.13, kaboneti ya bariamu 3.95 (ni sumu, vaa barakoa), oksidi nyeusi ya shaba 2.39. Choma 930°C, saga, rudia. Kikiwa cheusi na sumaku bado imelala, kimekosa oksijeni: ipitishe tanurini kwenye 450°C kwa saa kadhaa, kisha kipoe polepole.