Ukimpeleka mtoto Namugongo, msimulie kabla hamjafika

Kila inapokaribia tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wazazi wenzangu hapa Nairobi huniuliza kama inafaa kumpeleka mtoto kuhiji Namugongo, Uganda. Nawaambia inafaa sana. Ila asiende siku hiyo ya sikukuu, na asiende kabla hajaisikia habari nzima kutoka kinywani mwako wewe mzazi. Nilikwenda na mwanangu wa kiume akiwa na miaka 13, umri unaokaribiana na ule wa Kizito, shahidi mdogo kuliko wote, na hayo mawili ndiyo ninayoyasisitiza kila nikiulizwa.

Sikukuu yenyewe ni tukufu. Mamia ya maelfu ya watu hufurika pale, wengine wametembea kwa miguu kutoka huku kwetu Kenya. Mtu mzima aliyeizoea misa ndefu atashiba. Lakini mtoto ataona migongo ya watu tu, na wewe utashinda umemshika mkono asipotee. Sisi tulikwenda likizo ya Agosti, siku ya kazi. Tulikaa mbele ya altare kadiri tulivyotaka, na kijana akauliza maswali yake kwa sauti ya kawaida bila mtu kutugeukia.

Sasa hiyo habari nzima. Watoto wetu wanawajua Mashahidi wa Uganda kwa majina ya parokia na shule: Mtakatifu Kizito, Mtakatifu Karoli Lwanga. Zaidi ya hapo, wengi hawajui kitu. Kwa hiyo jioni kadhaa kabla ya safari, baada ya chakula, tulizima televisheni nikamsimulia.

Nilianza na Kabaka, yaani mfalme, Mwanga, aliyerithi kiti cha Buganda mwaka 1884 akiwa bado kijana. Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana aliyepitia nchi yetu ya Kenya akielekea Buganda, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, kwa kuwa wageni waliotokea upande wa mashariki walihofiwa kuja kuiteka nchi. Joseph Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, akathubutu kumkemea Kabaka. Akauawa Novemba mwaka huohuo. Karoli Lwanga akashika nafasi yake.

Hapo ndipo wazazi wengi huruka. Husema tu, “waliuawa kwa sababu walisali,” kisha wanaingia kwenye habari ya moto. Tafadhali usiruke. Mwanga aliwataka wale wavulana kwa jambo ambalo mtu mzima hana haki ya kulitaka kwa mtoto, na Balikuddembe, kisha Lwanga, waliwakinga. Nilimwambia mwanangu hivyohivyo, kwa maneno machache yaliyo wazi. Alinyamaza kidogo.

“Kwa hivyo Kizito alimkatalia mfalme?”

“Alimkatalia.”

“Na watu wakubwa walikuwa wapi?”

Nikamjibu kwamba mmoja alikuwepo. Usiku wa kuamkia siku Mwanga alipowahukumu kufa huko Munyonyo, kifo kikiwa kinajulikana, Lwanga aliwabatiza Kizito na wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Kutoka hapo tukafika kwenye maisha ya mwanangu mwenyewe: mwalimu, jamaa, kocha, hata mtumishi wa kanisa, yeyote atakayemtaka kimwili au kumwomba afiche siri ya namna hiyo, anaruhusiwa kumkatalia, na mimi nitamwamini. Nilikuwa nimetafuta mlango wa mazungumzo hayo kwa muda mrefu. Mashahidi wakaufungua.

Nilimsimulia pia habari za Mbaga Tuzinde. Huyu alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mukajanga alimsihi kijana wake aikane dini, au hata akubali kufichwa. Mbaga akakataa. Mukajanga akaagiza apigwe shingoni afe kwanza, asiusikie moto. Kesho yake asubuhi, akifunga kamba za viatu, mwanangu aliniuliza kama Mukajanga alimpenda. Nilimwambia naamini alimpenda, na bado alimtoa. Sikuongeza neno.

Kuhusu njia sitasema mengi. Panda basi la mchana ukiweza. Mabasi ya usiku hufika mpakani, Busia au Malaba, wakati mtoto amelala fofofo, na hapo abiria wote hushuka na mizigo. Wewe Mkenya utavuka kwa kitambulisho, lakini mtoto mchukulie pasipoti, na ubebe cheti chake cha kuzaliwa pamoja na barua ya mzazi anayebaki nyumbani. Kadi za chanjo ya homa ya manjano zisikae kwenye begi la chini ya basi. Mkipita Busoga, mkumbushe Hannington, maana aliuawa katika nchi hiyo mnayoipita. Na Kampala bodaboda ni nyingi kupita kiasi. Ukiwa na mtoto, lipa gari.

Mkifika, fuateni mpangilio wa matukio. Tulianza Munyonyo, karibu na Ziwa Viktoria, mahali walipohukumiwa. Hapo ndipo Denis Ssebuggwawo alipouawa tarehe 25 Mei 1886, naye alikuwa kijana mdogo aliyekutwa akifundisha mwenzake dini. Wengine walifungwa na kuswagwa hadi Namugongo, wakakaa kwenye pingu kama juma moja huku kuni zikikusanywa. Walichomwa tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana.

Basilika la Wakatoliki limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda, likizungukwa na nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki. Altare yake iko mahali ambapo Lwanga alichomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Mahujaji wengi kutoka Kenya huishia hapo, wakachota maji katika ziwa dogo lililo hapo, wakarudi kwenye basi. Inanisikitisha, kwa sababu Kizito hakufia hapo. Yeye na wengi wa wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa Nakiyanja, mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye eneo ambalo leo linatunzwa na Kanisa Anglikana. Waanglikana wanawahesabu mashahidi wao 23. Nenda huko hata kama wewe ni Mkatoliki wa kufa na kupona. Kuna sanamu zinazoonyesha mateso bila kuficha, na hapo niliona faida ya zile jioni za nyumbani. Mtoto mmoja wa kikundi kingine alificha uso kifuani pa mamaye akilia. Wangu alitembea kutoka sanamu moja hadi nyingine akinitajia majina.

Pale Namugongo mwambie na hili: kabla ya Wakristo, katika miaka ya 1870, Mutesa, babake Mwanga, aliua Waislamu kwa sababu ya imani yao, na wengine walifia hapohapo. Mwanangu ana marafiki Waislamu Eastleigh, na ndiye aliyeomba tupande mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala. Ngazi zake zinazidi 300, na juu unaviona vilima vya mji vyote, Rubaga cha Wakatoliki, Namirembe cha Waanglikana. Wanawake wageni huazimwa mavazi ya kujisitiri.

Mwisho tulikwenda Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka. Jengo kuu liliteketea Machi 2010, likajengwa upya. Mutesa amezikwa pale, na Mwanga pia. Wenzangu huona ajabu nikiwaambia wafike, kwamba kuna haja gani ya kumpeleka mtoto kwa muuaji. Iko haja. Mwanga alipokonywa kiti, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na kabla ya kufa mwaka 1903 alikuwa amebatizwa Mwanglikana kwa jina la Danieli. Mtoto aliyesikiliza habari za Kizito jioni kadhaa atakuwa na la kuuliza akifika hapo. Wangu aliuliza kama sasa Mwanga na Kizito wako pamoja, na tumelijadili swali hilo tangu Busia hadi nyumbani Buruburu, na bado tunalijadili. Kwa hiyo tengeni asubuhi nzima ya Kasubi, na akina mama, bebeni leso ya kujifunga juu ya suruali.