Wembe wa kukunja: kabla ya kulaumu mkono, angalia makali

Ndugu, umesema umenunua wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, na kila ukinyoa unakwaruza, halafu baada ya siku mbili shingo inajaa vipele. Nami nimepita humo. Karibu mwaka mzima niliulaumu mkono wangu, kumbe wembe haukuwa na makali.

Wembe mpya mara nyingi hautoki dukani ukiwa tayari kwa uso. Karatasi utakata, ndevu utaziburura. Tafuta mtu anayejua kinoo akutilie makali, ndipo uje kwenye mkanda wa ngozi wa kulainishia makali. Mkanda nao una adabu yake: ukaze, ulaze wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Mimi niligeuzia kwenye makali, nikauchana mkanda siku ya kwanza. Sasa napitisha mara 40 hadi 50, polepole, kila kabla ya kunyoa.

Waliosema "zako tia maji" walikujua kunyoa. Kanda ndevu kwa maji moto dakika mbili tatu, kisha povu.

Anza na mashavu tu. Kidevu kiachie wembe wako wa kawaida kwa wiki kadhaa. Mkono mtupu ndio wenye kazi: unaishika ngozi inyooke. Mgongo wa wembe uinue kidogo, kama nyuzi 30, na usikandamize. Ukikata sawasawa utasikia mchakacho mwembamba, mkavu, karibu na sikio. Ukikwama, simama, tazama pembe. Na usiupeleke kwa urefu wa makali, kama kisu kwenye mkate, hata kidogo, hapo ndipo unapochanja.

Sasa vipele. Ndevu zetu za kipilipili hujikunja. Ukizinyoa kinyume na zinavyoota, huku umeivuta ngozi mno, unywele unakatika chini ya ngozi, na ukiota unaichoma kutokea ndani. Siku hujanyoa, papasa shingo kwa vidole ujue zinaelekea wapi. Zangu chini ya taya zinakwenda upande, sikuwahi kujua. Tangu nifuate zinakoelekea, uso haulainiki kama wa mtoto, lakini vipele vimekwisha.

Ukimaliza, maji baridi na shabu, lile jiwe la vinyozi. Wembe ukaushe, upake mafuta ya cherehani. Kwa hewa ya Pwani hii unaweza kuukuta na kutu asubuhi. Na usimwazime mtu, hata nduguyo wa tumbo moja.