Wiki sita ugenini kwa ajili ya mtoto: mlezi wake ndiye mwenyeji wenu

Swali: Mimi na mume wangu tunasafiri karibuni kwenda nchi nyingine kumchukua mtoto wa miaka miwili na nusu tunayemuasili. Tumeambiwa tutakaa huko kama wiki sita hadi hukumu ya mahakama, hati ya kusafiria na viza vikamilike. Hatutaki kujifungia hotelini. Tunataka tuishi kama wenyeji, ili baadaye tuweze kumsimulia mtoto nchi yake. Kuna bwana mmoja huko ametupangia ratiba ya makumbusho, vijiji na ngoma, na anasema kwa malipo kidogo atatupeleka kwa ndugu wa mama mzazi. Je, ratiba hiyo inafaa? Na mtoto apewe dawa gani ili alale kwenye ndege?

Jibu: Futeni ratiba hiyo yote, na huyo bwana msimpe hata senti. Nitarudi kwake.

Wazazi wengi wanaosafiri kuasili hudhani kwamba kujua maisha ya nchi ni kutembezwa. Wanarudi na picha mia tatu za majengo, ila ukiwauliza mtoto alikuwa analala chali au kifudifudi, hawajui. Mtoto wa miaka miwili na nusu aliyelelewa kwenye makao ya watoto hajawahi kufika makumbusho. Maisha ya wenyeji anayoyajua yeye ni bakuli lake, sauti ya mlezi wa zamu ya usiku, harufu ya sabuni inayofulia shuka na kelele za wenzake chumbani. Hayo ndiyo mnayopaswa kujifunza, na mnayo siku chache tu za kujifunza, kabla hajakabidhiwa kwenu.

Kwa hiyo ombeni kibali, kupitia wakala wenu wa kuasili na mkuu wa makao, cha kukaa na mlezi wake saa za chakula, za kuoga na za kulala. Msiende saa nne asubuhi, watoto wakiwa wamevalishwa kwa ajili ya wageni. Tazameni mikono ya mlezi zaidi ya kusikiliza maelezo yake, kwa sababu mambo anayoyafanya kila siku hatakumbuka kuyasema.

Mfano ni chupa, kama bado anaitumia. Kwenye makao mengi, mlezi mmoja ana watoto wengi wa kulisha kwa wakati mmoja, hivyo wakati mwingine tundu la chuchu hupanuliwa kwa wembe ili maziwa yashuke haraka. Mzazi mgeni anakuja na chupa mpya yenye tundu dogo, mtoto ananyonya mara tatu, anaitupa na kulia, na mzazi anahitimisha kwamba maziwa hayampendezi. Anabadilisha maziwa, tumbo linaharibika, na sasa pana matatizo mawili. Kagueni ile chuchu. Ulizeni maziwa ni ya aina gani, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na yakiwa na joto gani. Endeleeni hivyo hivyo wiki mbili za kwanza, hata kama mnaona mna bora zaidi. Mkija kubadilisha, changanyeni ya zamani na mapya kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kuogeshwa pia kuna mitego. Aliyezoea kumwagiwa maji kwa kopo ataona bomba la juu kama shambulio. Usingizi vivyo hivyo: aliyelala na wenzake kumi, taa ikiwaka, hutishwa na kimya cha chumba cha hoteli. Wekeni godoro lake kando ya lenu na muache taa ndogo. Blanketi au nguo aliyotoka nayo msiifue, maana ndicho kitu pekee chenye harufu anayoijua. Mwombeni mlezi arekodi kwenye simu sauti yake akimwita jina, akimwimbia, na akisema maneno ishirini au thelathini ya kila siku: njoo, kula, inauma, choo, tayari, nipo hapa. Mtoto wa umri huo tayari anaielewa lugha yake, hata kama hasemi mengi.

Makazi tafuteni ya kupanga yenye jiko, karibu na kliniki, mahali ambapo mtaweza kununua vitu kwa muuzaji yule yule kila siku saa ile ile. Siku ya nne mtasalimiwa kwa jina, na ya saba mtaulizwa mbona jana hamkuonekana. Huko ndiko kuishi kama wenyeji, na hakuhitaji mtembeza wageni. Akishakabidhiwa, kitu kipya kimoja kwa siku kinatosha. Barabara moja, duka moja, kisha nyumbani. Anayelisha, anayeogesha na anayebeba awe mmoja wenu, si jirani mkarimu.

Hapo kwa jirani mkarimu ndipo wazazi wengi hujidanganya. Mtoto anamrukia kila anayenyoosha mikono, nao wanafurahi kwamba ni mchangamfu, amezoea haraka. Mara nyingi mtoto huyo bado hajajua yeye ni wa nani. Mchukueni kwa upole, mmwambie jirani kwamba anajifunza kukaa na wazazi wake. Watu watauliza pia huyu ni wa nani, wengine kwa hasira, wakidhani mmemwiba. Tembeeni na nakala ya barua ya makabidhiano au hukumu pamoja na namba ya ofisa anayeshughulikia faili lenu, na muwe na sentensi moja fupi ya kujibu kwa lugha ya pale. Historia ya mtoto msimweleze mtu njiani. Picha ya uso wake msiiweke mtandaoni kabla hukumu haijakamilika.

Kiafya, daktari amwone siku za mwanzo, angalieni upele kati ya vidole na kwenye makwapa, na muwe na paketi za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha. Someni paketi inataka maji kiasi gani. Zipo za lita moja na zipo za ujazo mdogo zaidi, na ukiweka nusu lita kwenye paketi ya lita moja, chumvi inazidi na unamdhuru mtoto. Kabla ya safari, ninyi na watakaomhudumia nyumbani hakikisheni mna chanjo ya surua na ya homa ya ini aina ya A kama nchi anayotoka ina ugonjwa huo kwa wingi. Ya homa ya ini ichomwe ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla ya kukutana naye. Watoto wadogo hubeba virusi hivyo bila dalili, na mbebaji mkuu ni nepi.

Dawa ya usingizi kwenye ndege: hakuna. Dawa za mafua na mzio zinazotolewa kwa kazi hiyo huwachangamsha kupita kiasi baadhi ya watoto badala ya kuwalaza, na kipimo kikizidi hupunguza nguvu ya kupumua, tena mkiwa angani mbali na hospitali. Anayewauzia "sirapu ya safari" isiyo na lebo mfukuzeni. Ndege inapoanza kushuka mpeni chupa au kitu cha kutafuna, kwa sababu kumeza ndiko kunakofungua masikio.

Sasa huyo bwana. Kama nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, kifungu cha 29 kinakataza wazazi watarajiwa kukutana na wazazi wa mtoto kabla ridhaa na masharti mengine ya msingi hayajathibitishwa, isipokuwa kuasili ni ndani ya ukoo au mamlaka ya nchi husika imeweka utaratibu wa kukutana. Kifungu cha 4 kinataka ridhaa isiwe imenunuliwa kwa malipo au fidia ya aina yoyote, na ya mama iwe imetolewa baada ya mtoto kuzaliwa. Mkienda kijijini na bahasha, hata ya zawadi tu, mmetengeneza ushahidi kwamba pesa ilipita. Hakimu akiusikia, kesi inaweza kusimama, na mtoto anabaki makaoni.

Tena mna uhakika gani kwamba mtakaopelekwa kwao ni ndugu zake? Dalali anayelipwa kwa kuonyesha ndugu atapata ndugu. Mtoto atakua na shangazi wa kukodi kwenye albamu yake, na siku atakapoutafuta ukweli mwenyewe ataanza kwa kuufumua uongo mlioulipia. Madalali hawa huanza na ngoma na vijiji, wakaja na ndugu, kisha "kusukuma faili". Kila malipo yasiyo na risiti na yasiyopita kwa wakala aliyesajiliwa yakataeni, na ujumbe wake upelekeni kwa wakala kama ulivyo. Kifungu cha 32 kinaruhusu gharama na ada halali za wataalamu tu.

Njia halali ya kujua asili yake ipo. Kifungu cha 30 kinazitaka mamlaka kuhifadhi taarifa za asili ya mtoto, zikiwemo za wazazi wake na historia ya afya, na kumwezesha kuzipata kwa mwongozo unaofaa kadiri sheria za nchi zinavyoruhusu. Ulizeni kwa maandishi faili linatunzwa ofisi gani, kwa namba ipi, na mtoto ataliomba vipi akishakua. Barua hiyo ipelekeni kwa mkono mkiwa bado huko, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.