Maswali na majibu: dunia baada ya vita, 1945 hadi 1952

Warusi waliizunguka Berlin pande zote, na upande wa magharibi wa mji ulishikwa na Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Mbona walizuia treni na malori, ndege wakaziachia?

Kwa sababu ndege zilikuwa na hati. Tarehe 30 Novemba 1945 mataifa manne yaliyoikalia Ujerumani yaliidhinisha kwa maandishi njia tatu za anga za kuingia Berlin, kila moja upana wa maili 20. Kuhusu barabara na reli, majenerali wa Magharibi waliridhika na maneno ya mdomo. Basi barabara, reli na mifereji ilipofungwa tarehe 24 Juni 1948, katika ugomvi wa sarafu mpya ya Deutsche Mark, hawakuwa na mkataba wa kushika mkononi. Angani walikuwa nao, na kuitungua ndege ndani ya njia iliyokubaliwa kungekuwa kuanzisha vita.

Wengi hudhani kazi ya kuulisha mji uliofungwa kwa njia ya anga ilikuwa kurusha ndege nyingi tu. La, kazi ilikuwa ratiba. Ndege ziliingia kwa njia ya kaskazini na ya kusini, zikatoka kwa ile ya katikati. Agosti 13, 1948, mvua na mawingu mazito vilisababisha ajali Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin, na ndege zikarundikana angani zikisubiri kushuka. Jenerali William Tunner, aliyesimamia safari hizo, akapiga marufuku kusubiri: rubani akikosa kutua mara ya kwanza, arudi na mzigo wake alikotoka. Wamarekani wakaiacha ndege aina ya C-47, iliyobeba kama tani 3, wakaleta C-54 ya tani 10.

Mzigo wenyewe ulikuwa adui wa ndege. Karibu theluthi mbili ya tani milioni 2.3 zilizosafirishwa ilikuwa makaa ya mawe, na vumbi lake lilipenya sakafu likala nyaya. Chumvi ilikuwa mbaya zaidi kwa kutu, ndiyo maana Waingereza waliipakia kwenye Sunderland, ndege za kutua majini zilizokwisha kukingwa dhidi ya maji ya bahari, zikashuka katika maji ya mto Havel. Viazi vilikaushwa na nyama ikatolewa mifupa ili kupunguza uzito. Na msiandike kwamba safari zilikoma Mei 1949. Njia zilifunguliwa tarehe 12 Mei, lakini ndege ziliendelea kujaza maghala hadi Septemba.

NATO iliundwa baada ya Berlin kufunguliwa, sivyo?

Sivyo. Mkataba wake ulitiwa saini tarehe 4 Aprili 1949, Berlin ingali imefungwa.

Je, kwenye Mpango wa Marshall, msaada wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, Marekani iliwagawia Wazungu dola taslimu?

Kwa sehemu kubwa hapana. Mfaransa aliyehitaji mashine aliilipia kwa faranga. Muuzaji wa Marekani alilipwa dola na serikali ya Washington. Zile faranga ziliwekwa katika mfuko maalumu, na serikali ya Ufaransa iliutumia kwa makubaliano na Wamarekani. Jumla ilikaribia dola bilioni 13, kwa nchi 16 pamoja na Ujerumani Magharibi. Wanaotuahidi "Mpango wa Marshall wa Afrika" waulizwe mfuko huo atausimamia nani. Ulaya ilikuwa na mafundi, wahandisi na viwanda tayari. Ilichokosa ni dola za kununulia. Atakayeiga kiasi cha fedha bila kuangalia hilo atapoteza fedha.

Mkataba wa San Francisco ni upi?

Iko miwili. Ule wa Umoja wa Mataifa ni wa 26 Juni 1945. Ule wa amani na Japani ni wa 8 Septemba 1951. Taja mwaka unapouliza.

Urusi ilikuwa na kura ya turufu. Ilikuwaje Umoja wa Mataifa ukaingia vita vya Korea?

Mjumbe wake hakuwa kikaoni. Tangu Januari 1950 alikuwa akilisusia Baraza la Usalama, akipinga kiti cha China kukaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan. Azimio la 27 Juni la kuisaidia Korea Kusini likapita kwa kura 7 dhidi ya 1 ya Yugoslavia. Alirudi Agosti, wakati majeshi yameshaingia. Kususia kikao chenye kura ni kosa zito, na vyama vya kwetu bado vinalirudia.

India na Pakistan zilipata uhuru lini?

Pakistan 14 Agosti 1947, India 15 Agosti. Hili liko katika kila kitabu cha shule, tafadhali fungueni vitabu. Ulizeni habari za mpaka. Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kufika India, aliwasili tarehe 8 Julai kuuchora. Uamuzi wake ukatangazwa 17 Agosti. Watu wa Gurdaspur, wilaya ya mpakani, walipata uhuru kabla ya kujua wako nchi ipi.

Tanganyika ilikuwa koloni kama Kenya. Kwa nini yenyewe ilikwenda New York kulalamika?

Haikuwa koloni. Kuanzia Desemba 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kifungu cha 76 cha Mkataba kilimtaka Mwingereza aiongoze kuelekea kujitawala au uhuru. Kifungu cha 87 kiliruhusu malalamiko kupokelewa. Ndiyo njia waliyoitumia Wameru wa Arusha walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951: Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya dunia. Nyerere alipita mlango huohuo mwaka 1955, kwa niaba ya TANU. Rwanda-Urundi nayo ilikuwa na haki hiyo, chini ya Ubelgiji. Kenya na Zanzibar hazikuwa nayo.